Waliotolewa mirija yote miwili kabla ya kupandikiza mimba, mliwezaje kutia saini?

#1 Nungunungu wa Goba
Wakuu habari za jioni.

Nina miaka 34, ndoa ina mwaka wa saba. Picha ya mirija (HSG) imeonyesha yote miwili imeziba kwa mwisho na imejaa maji. Daktari alibandika filamu kwenye taa akanionyesha kwa ncha ya kalamu: wa kulia umevimba kama soseji, wa kushoto umejikunja kama mkia wa kinyonga. Haidrosalpinksi, pande zote mbili. Kasema tukitaka kupandikiza, kwanza aitoe yote. Kanipa fomu ya ridhaa nikaisome nyumbani. Leo siku ya tisa iko chini ya godoro.

Sijaja kuuliza kama ni kweli, daktari wa pili naye kasema hivyohivyo. Ninachouliza ni mliwezaje. Maana mimi mpaka leo nikichelewa siku mbili natoka mbio duka la dawa kununua kipimo cha buku. Najua mirija imeziba, filamu nimeiona kwa macho yangu, na bado nanunua. Nikitia saini hata huo ujinga unakuwa umekwisha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kisu wala sikiogopi.

#2 Kobe wa Ukonga
Pole sana dada. Nimekaa paleee nawasubiri wajuzi.

#3 Mizizi Saba Halisi
Usikubali kukatwa dada yangu! Mirija inazibuka ndani ya siku 21, maji yote yanatoka. Njoo PM.

#4 Mama Vitumbua
#3 wewe jana nimekuona kwenye uzi wa nguvu za kiume na siku zako hizohizo 21. Mzizi mmoja unazibua huku na kusimamisha kule? Mwache mwenzio ana msiba.

#5 Fundi Bomba Tabata
Mimi ni fundi bomba, nauliza kwa nia njema kabisa. Bomba likiziba si linazibuliwa? Kwa nini waling'oe?

#6 Nesi Zamu ya Usiku
Fundi, bomba lako halina vinyweleo ndani. Mrija wa uzazi una urefu wa kama sentimita 10 hivi, na mwishoni kuna vidole laini vinavyodaka yai likitoka kwenye ovari. Ndani kuna vinyweleo vinavyolisukuma polepole kuelekea kizazini, safari ya siku kadhaa. Maambukizi yakipita, vile vidole vinagandana, mlango unafungwa, na majimaji ambayo mrija hutengeneza wenyewe yanakosa pa kutokea. Unavimba. Vinyweleo vinakufa. Ukiutoboa leo maji yatatoka, lakini mara nyingi unajifunga tena, na ukibaki wazi basi yai linaweza kukwama humo ikawa mimba ya nje.

Sasa kwa anayepandikiza shida ni nyingine. Kiinitete kinawekwa moja kwa moja kwenye kizazi, mrija hauhitajiki. Ila yale maji yanarudi kizazini kidogo kidogo na kukikuta pale kinapotafuta pa kujishikiza. Mwenye mirija ya maji nafasi yake inashuka karibu nusu ukilinganisha na asiye nayo. Ndiyo maana wanaitoa. Kuna utafiti mkubwa wa nchi za Skandinavia ulichapishwa 1999, waliotolewa kwanza walifanya vizuri kuliko walioachiwa.

Mleta uzi pole mdogo wangu. Swali lako halijibiwi na haya, najua.

#7 Fundi Bomba Tabata
Aaah, kwa hiyo siyo bomba kuziba, ni chemba kurudisha maji sebuleni wakati mgeni anaingia. Hapo nimeelewa, unaikata na kuifunga palepale ukutani.

#8 Nesi Zamu ya Usiku
Fundi nakuazima hiyo kesho kliniki.

#9 Mama Zai
Nilitolewa yote miwili 2021. Nilitia saini nikiwa nimekasirika, si kwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka kuona ile bahasha ya kahawia juu ya kabati, kila nikitafuta kitenge inanitazama.

Upasuaji ulikuwa wa matundu madogo matatu, kesho yake jioni nikaruhusiwa. Tumbo halikunisumbua sana. Kilichonitoa machozi ni BEGA la kulia, hakuna aliyenitahadharisha. Kumbe ile gesi wanayojazia tumbo inabaki inasumbua kiwambo cha chini ya mapafu na maumivu yanasikika begani. Siku ya tatu nikaanza kutembeatembea, ikaisha.

Kuhusu kipimo cha buku: mwezi wa kwanza nilichelewa siku nne. Nikavaa viatu kabisa. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka. Nilikaa kwenye ngazi za nje na mkoba wangu mpaka mume wangu akarudi kazini. Huo ndio mwezi niliolia. Siku ya upasuaji hata chozi.

#10 Nungunungu wa Goba
Dada Mama Zai, nimeisoma hiyo ya kwenye ngazi mara tatu. Asante.

#11 Mzaramo Kindakindaki
Tuambizane ukweli. Mirija ikitolewa hedhi inakata, na mayai yanamwagikia tumboni yanaoza. Shangazi yangu aliota hadi ndevu.

#12 Mama Vitumbua
Shangazi yako alitolewa mirija tu au na kizazi na ovari?

#13 Mzaramo Kindakindaki
Alikuwa na uvimbe... sasa nakumbuka walitoa vyote.

#14 Mama Vitumbua
Haya. Homoni zinatoka kwenye ovari, hedhi inatoka kizazini, na vyote viwili vinabaki. Yai ni dogo kama ncha ya sindano, mwili unalinyonya, halijawahi kuozea mtu tumboni. Mimi mwenyewe sina mirija mwaka wa nne na hedhi yangu haijui habari hiyo, inakuja na kelele zilezile.

#15 Kipanga wa Kariakoo
Niulize kwa heshima. Mirija ya pande ZOTE inajaaje maji kwa mke wa mtu? Hapo kuna mambo ya ujanani hayasemwi.

#16 Chausiku M
UTI sugu hiyo. Mimi napimwa UTI kila mwezi na nina wasiwasi nitafika huko.

#17 Nesi Zamu ya Usiku
#16, UTI ni kibofu na figo, haipandi kwenye mirija. Kinachopanda ni maambukizi ya via vya uzazi, PID. Wengi wanaitibu UTI mwaka mzima kumbe kitu ni kingine.

#15, klamidia inaweza kukaa kwa mwanamke miaka bila dalili yoyote. Hata hajui. Na mara nyingi hakuileta yeye nyumbani, ila hapo sitaendelea maana kuna wanaume humu wataanza kukohoa.

#18 Kipanga wa Kariakoo
*anakohoa*

#19 Bi Mwanaisha wa Kisauni
Mimi niko Mombasa. Yangu ilikuwa TB. Sikukohoa hata siku moja, wala sikukonda. Nilipofanyiwa laparoskopi, ile ya kamera tumboni, daktari akaona vipelepele vyeupe kwenye mirija na tumboni, wakachukua kipande wakapima. Nikala dawa miezi sita. TB ikaisha lakini mirija ilikuwa imeshakwisha kazi. Kwa hivyo ndugu yangu #15, usimtazame mtu ukamtungia ujana.

#20 Nungunungu wa Goba
Mimi kidole tumbo kilipasuka nikiwa kidato cha tatu, bweni, nikakaa na maumivu siku mbili matroni anadhani nakwepa mtihani. Daktari wa kwanza anasema usaha ulitapakaa, huenda ndiyo chanzo. Wa pili anasema kidole tumbo huumiza zaidi upande wa kulia, huu wa kushoto una historia yake. Mama mkwe anasema ni kitanzi nilichoweka mwaka wa kwanza wa ndoa. Kila mtu ana mshtakiwa wake.

#21 Dkt wa Kijiweni
Mama mkwe wako hajakosea kabisa. Kitanzi kikiwekwa wakati kuna maambukizi tayari, hatari ya PID inaongezeka wiki chache za mwanzo. Baada ya hapo hapana. Ila sasa kujua kwako hakuzibui kitu.

Halafu wenye picha ya HSG msikimbilie kuamini kila kuziba. Kuna mrija unaokaza kwa maumivu ya dawa ikipita, filamu inaonyesha umeziba karibu na kizazi, kumbe mzima. Kujaa maji kwa mwisho kama kwa mleta uzi ni jambo jingine, huko hakuna kukaza.

#22 Sijali Tena
Mmemaliza kumtia moyo? Na mimi niseme upande wangu.

Nilitolewa 2020. Tuliambiwa toa kwanza, ukipona tuanze. Upasuaji bima ililipa. Kupandikiza bima hailipi hata senti. Tukasema mwaka mmoja tutajikusanya. Mume akapunguzwa kazi. Kiwanja tulichotaka kuuza kikaingia kesi ya mirathi. Sasa ni mwaka wa ngapi, hesabuni wenyewe. Sina mirija na sina milioni za maabara. Nimekaa katikati ya mto, nilikotoka mtumbwi umeondoka, niendako haujafika.

Watu wanakuambia "ilikuwa imekufa tu hiyo mirija, hukupoteza kitu." Nakubali kwa akili. Lakini wenye mirija mibovu bado wana usiku wa kudanganyika. Mimi sina hata huo.

Usitie saini kabla hamjaihesabu hela yote mezani. Yote.

#23 Nungunungu wa Goba
Dada #22 pole. Nimekaa kimya dakika kumi sijui niandike nini.

#24 Sijali Tena
Usiandike kitu. Hesabu hela.

#25 Tunda la Mwisho
Naongezea kwa #22. Kuna njia nyingine, ulizeni. Mimi AMH yangu (kipimo cha damu cha akiba ya mayai) ilikuwa chini na nilikuwa na miaka 38. Daktari akasema tusianze kwa kukata, maana damu ya ovari inapita jirani kabisa na mrija, mkono ukiteleza ovari inaathirika. Tukavuna mayai kwanza, viinitete vikagandishwa, ndipo nikatolewa mirija, kisha baada ya miezi miwili kikawekwa kimoja. Hapo nilitia saini huku najua kuna vitatu vinanisubiri kwenye barafu. Ile saini ilikuwa nyepesi. Siyo kwamba sikuogopa, ila nilikuwa nafunga mlango mmoja mwingine ukiwa umeshafunguka.

#26 Dkt wa Kijiweni
Hoja nzuri, ila hilo la ovari kuathirika linabishaniwa. Kuna waliopima wakakuta tofauti ndogo, kuna waliokuta hakuna. Fundi mzuri anakata huku ameubana mrija wenyewe, hasogelei ile mishipa.

#27 Fundi Bomba Tabata
Nimesikia naitwa.

#28 Mama Vitumbua
Hujaitwa.

#29 Mwajuma Ndala
Mimi mmoja tu ulitolewa, wa pili ulikuwa umegandana na utumbo, daktari akaogopa kuung'oa. Akaubana kwa klipu pale unapoungana na kizazi. Maji yamebaki humohumo ila hayashuki. Kwa hiyo #1 uliza: ni lazima kuondoa, au kubana kunatosha? Kwa wengine kunatosha.

Kichekesho ni kwamba nilifarijika sana kubakiwa na ule uliobanwa. Hauna kazi yoyote! Ila nikilala upande wa kushoto najisemea "upo."

#30 Mama Zai
Hahaha #29 umeniua. Lakini nakuelewa.

#31 Baba Watoto Mtarajiwa
Mwanamume naongea. Mke wangu alitolewa 2019. Daktari alipotoka chumba cha upasuaji alinikabidhi kichupa chenye dawa, ndani mirija miwili, nikipeleke maabara jengo la pili. Nilitegemea kitu kikubwa. Ilikuwa kama minyoo miwili mikubwa, mmoja umevimba unang'aa. Nilikiweka kwenye mfuko wa mkate maana nilikuwa nao mkononi, nikapita uwanjani watu wananiuliza "mkate unauza?"

Kosa langu lilikuja jioni. Alipozinduka akaniuliza umeviona? Nikamjibu, "Nimeviona, kwa hiyo sasa ni maabara tu." Nilimaanisha mpango unaendelea. Yeye alisikia kingine. Miezi minne hakunisamehe, na mimi sikujua nimekosa nini, nikawa nanunua zawadi. Wanaume mkiulizwa hilo swali, semeni pole, nyamazeni, shikeni mkono. Zawadi acheni.

#32 Bi Mwanaisha wa Kisauni
Yangu niliiomba. Maabara walipomaliza wakanirudishia, nikaenda kuizika nyumbani kwa mama chini ya mwarobaini. Shehe alinambia kiungo cha mwanadamu kuzikwa ni heshima. Sikuweka matanga, lakini nilikaa pale na mama tukanywa kahawa mpaka magharibi. Nikainuka nimepungua uzito.

#33 Mzaramo Kindakindaki
Mirija kuzikwa? Hii mpya. Mimi jino langu nilitupa juu ya paa.

#34 Mama Vitumbua
Na ndiyo maana una pengo mpaka leo.

#35 Neema ya Kijitonyama
Mchungaji wetu ameniambia nisikubali kutolewa kiungo alichoniumbia Mungu, niingie maombi ya siku 40, kuna ushuhuda wa dada aliyefunguliwa mirija. Nipo siku ya 26. Mleta uzi unaonaje?

#36 Nungunungu wa Goba
Mpendwa mimi nilishamaliza siku 40 mara mbili. Sisemi usifanye. Nilipomaliza ya pili filamu ilikuwa ileile, ila mimi nilikuwa na nguvu ya kwenda kwa daktari. Labda ndilo jibu nililopewa, labda siyo.

#37 Kobe wa Ukonga
Mnajua mtoto wa kwanza wa maabara duniani mama yake alikuwa na tatizo hilihili? Yule Mmarekani, Louise Brown.

#38 Dkt wa Kijiweni
Mwingereza. Alizaliwa Oldham, 25 Julai 1978. Mengine uko sawa, mama yake Lesley mirija iliziba. Na wengi hawajui kuwa Agosti 1977 alifunguliwa tumbo wakamwondolea masalia ya mirija yote miwili na kuziweka ovari mahali pazuri pa kuvuna yai. Miezi michache baadaye ndipo yai lilipochukuliwa. Yaani mama wa kwanza kabisa wa njia hii alipita mlango uleule anaouogopa mleta uzi.

#39 Nungunungu wa Goba
Kwani naye aliwekewa fomu chini ya godoro? Natania. Sikuwa najua, asante mkuu.

#40 Kipanga wa Kariakoo
Kwa hapa kwetu Nairobi ndio walitangulia si ndio?

#41 Chausiku M
Kampala walishapata mtoto wa maabara 2004, Nairobi 2006. Dada yangu alienda Kampala kwa basi, usiku kucha na mto wake wa kulalia.

#42 Asha Kimya
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Hakuna aliyegusa la ndugu.

Mimi upasuaji haukuniumiza kama maneno. Wifi alisikia "amekatwa mirija" akaenda kijijini kutangaza kwamba nimefunga kizazi kwa siri ili nisimzalie kaka yao. Kwa Kiswahili chetu kukata mirija ndiko kufunga uzazi, sasa ungejitetea vipi? Kikao kikaitwa. Wazee sita, mkeka, soda. Nikalazimika kusimama mbele ya baba mkwe kueleza habari za maji kwenye mirija. Mzee aliinamisha kichwa kwa aibu mpaka kofia ikaanguka. Mwishoni akasema "basi mwanangu, yatosha," na kikao kikaisha bila uamuzi. Mpaka leo nusu ya ukoo wanaamini nilifunga.

Ushauri wangu: ukiulizwa sema umetolewa uvimbe. Si uongo, ulikuwa umevimba.

#43 Tunda la Mwisho
Mimi sikubaliani. Ukificha ndipo wanapotunga. Mimi mume ndiye aliyewaambia, kwa simu, kwenye spika, wote wakiwa wamekaa.

#44 Asha Kimya
Una bahati ya mume mwenye spika.

#45 Baba Watoto Mtarajiwa
Samahani nilisahau kusema, jina langu la humu silibadilishi. Tumepandikiza mara tatu. Ya pili ilishika ikatoka wiki ya tisa. Nasema ili mtu asidhani ukitoa mirija basi mtoto kapatikana. Na mimba ya nje pia ulizeni, bado inawezekana hata bila mirija, kwenye ile pembe inapoanzia. Ni nadra ila mke wangu alipigwa ultrasaundi mapema kwa sababu hiyo.

#46 Nungunungu wa Goba
Wakuu nimerudi. Jana nimekaa na mume wangu na daftari, kama alivyosema dada #22. Hela ya kuvuna na kugandisha tunayo kama tukiuza pikipiki. Ya kuweka kiinitete hatuna bado. Kliniki nitauliza hili la kuvuna kwanza, na la klipu.

Kuhusu fomu: alishaiona. Siku ya pili tu, alipogeuza godoro kutoa kunguni. Pale kwenye nafasi ya shahidi ameandika jina lake kwa penseli. Namuuliza mbona penseli, anasema nilitaka uweze kufuta.

Dada #32, hicho kichupa wanakupa wenyewe au mpaka uombe?

#47 Bi Mwanaisha wa Kisauni
Mpaka uombe, mwanangu. Na uombe kabla hawajakulaza, uwaandikie kabisa kwenye faili. Ukizinduka hutakumbuka, na wasafishaji wa jioni hawaulizi mtu.

#48 Fundi Bomba Tabata
Pikipiki aina gani?